Paa Kwanza: Kupanga Chumba cha Maktaba Jibondo kwa Fedha Kidogo

Mhadhara kwa wazazi, walimu na mafundi wa vyombo, Jibondo, Mafia



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata maktaba mahali ambapo fedha ni chache. Nitasema waziwazi tangu mwanzo: Jibondo haihitaji jengo jipya la maktaba. Inahitaji chumba kimoja kisichovuja, chenye baraza, kinachofunguliwa saa ambazo watu wako nchi kavu. Chumba cha namna hiyo kinaweza kupatikana ndani ya jengo lililokwisha kusimama: stoo ya shule, ofisi isiyotumika, hata kipande cha darasa kilichokatwa kwa ukuta wa mbao.

Nasema hivyo nikijua gharama ya kujenga kwenye kisiwa hiki. Saruji inashushwa Kilindoni, kwenye kisiwa kikuu cha Mafia, inapakiwa tena, inavuka bahari, inabebwa begani. Mchanga, nondo na mabati, yote hupita njia hiyo. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe, na maji matamu kwa miaka mingi tumeyavusha kwa vyombo kutoka kisiwa kikuu. Tena tunaishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo habari ya kuvunja matumbawe hai baharini ili kupata mawe na chokaa tuiache kabisa. Kila ukuta ambao hatuujengi ni fedha iliyobaki kwa ajili ya vitabu na kwa ajili ya mtu wa kuvitunza.

Wengine watauliza kama kisiwa cha wavuvi kina haja ya maktaba. Hao nawakumbusha historia yetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya hapo zikateuliwa wilaya 6 za kutangulia, zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha. Mafia ilikuwa mojawapo, pamoja na Ukerewe, Masasi na nyinginezo. Visiwa hivi viliwekwa mstari wa mbele nchi nzima. Kina mama na kina baba walikaa na ubao na chaki baada ya kazi za bahari na shamba. Lakini mtu aliyejua kusoma akiwa na umri wa miaka 40, kisha asipate cha kusoma, huanza kusahau. Serikali ililiona hilo, na katika miaka ya 1970 maktaba za vijiji zikafunguliwa sehemu nyingi za nchi. Nyingi zilikuwa kabati moja ndani ya ofisi au shule, na vitabu mia chache. Kabati lilipofungwa kwa sababu mwenye ufunguo kahama, maktaba ikafa.

Somo la maktaba zile lilichambuliwa na Mtanzania mwenzetu, Kingo Mchombu, mtaalamu wa ukutubi. Mwaka 1982 aliandika makala kuhusu ukutubi wa umaskini. Hoja yake ilikuwa kwamba umaskini ndio uwe mahali pa kuanzia kupanga huduma za maktaba katika nchi kama zetu, na kwamba kuiga maktaba za Ulaya kwa kipimo kidogo hakutatufikisha. Mimi naikubali hoja hiyo kwa moyo wote. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu mwezi Desemba 1967, ni jengo la fahari na lina kazi yake. Lakini mtu anayeichukua ramani ile, akaipunguza mara 20 na kuileta Jibondo, atapata chumba chenye meza katikati, viti 12, mlango uliofungwa na joto lisilovumilika chini ya bati.

Hebu tupige hesabu ya nafasi, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kitabu kinahitaji vitu vitatu: paa, ukavu na kufuli. Msomaji anahitaji kivuli, upepo na mwanga. Mahitaji hayo ni tofauti, na hakuna sheria inayosema lazima yatimizwe ndani ya kuta zilezile. Vitabu 1,000 vya mchanganyiko, vyembamba vya watoto na vinene vya wakubwa, huchukua takriban mita 20 za rafu, tukikadiria vitabu 50 kwa kila mita. Tuongeze theluthi moja ya kila rafu iachwe wazi, ili vitabu vitoke na kurudi bila kubanana na vipya vipate pa kukaa: jumla ni mita 30. Rafu zikipangwa ngazi nne, mita hizo 30 zinaegemea mita 7 na nusu tu za ukuta. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosha, na mkutubi bado ana pa kukaa. Wasomaji wakae nje, kwenye baraza lenye upana wa mita 2, mabenchi yameegemea ukuta, paa limeshuka vya kutosha kuzuia mvua ya upepo. Watu wa mwambao tumekaa barazani karne kwa karne. Tumezungumza hapo, tumesomeshana hapo, tumeamua mashauri hapo. Tukiwapa wasomaji baraza, tumepunguza jengo kwa zaidi ya nusu na tumewapa mahali wanapopapenda tayari.

Fedha ya kwanza kabisa iende kwenye paa. Rangi isubiri, meza zisubiri, na kompyuta isubiri sana. Bati lililotoboka kwa kutu ya chumvi huua maktaba katika masika moja. Badilisheni mabati mabovu, zibeni matundu ya misumari, acheni upenyo wa hewa juu ya kuta, chini kidogo ya paa, na upenyo huo muuwekee wavu ili popo na panya wasiingie. Hewa inayopita juu huondoa joto na unyevu kwa pamoja, bila kulipia umeme. Karatasi inayokaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70 huota ukungu, na hewa ya kisiwa inafika hapo mara nyingi. Dawa yetu ni kuifanya hewa itembee.

Na paa hilohilo lina faida nyingine ambayo kwa Jibondo ni kubwa kuliko mahali pengine. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Jengo la darasa la mita 9 kwa 7, pamoja na baraza, linaweza kuwa na paa la mita za mraba 80. Mvua ya milimita 10, ambayo ni ya kawaida wakati wa masika, inalimwagia paa hilo lita 800. Hata tukitoa zile zinazopotea, zaidi ya lita 600 zinaingia kwenye tangi. Wekeni mfereji na tangi. Mtu aliyekuja na ndoo ataona kuna mwanga na kuna watu wanasoma. Jengo linalowapa watu maji halitaachwa libomoke, kwa maana kila nyumba itakuwa na sababu ya kulilinda. Jambo moja tu: tangi lisikae upande wa ukuta wenye rafu, na maji yanayofurika yaongozwe mbali na msingi. Nimewahi kuona chumba cha vitabu kilichoharibiwa na tangi lake lenyewe.

Kuta zipakwe chokaa nyeupe. Ni rahisi kuliko rangi ya mafuta, inaruhusu ukuta kupumua, na inaongeza mwanga ndani. Kama chumba kina giza, ondoeni bati moja na kuweka la kupitisha mwanga, lakini liwe juu ya mahali pa kusimama, lisiwe juu ya vitabu, maana jua hula karatasi na kufifisha majalada. Kwa sababu hiyohiyo rafu zisielekeane na dirisha la mashariki wala la magharibi. Ziachwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, hewa ipite nyuma, na ubao wa chini kabisa uwe sentimita 15 juu ya sakafu, ili ufagio upite na mchwa aonekane mapema. Huo ndio ulinzi wa vitabu wa bei nafuu kuliko wote ninaoujua.

Sasa nawageukia mafundi. Nimekwenda maktaba nyingi za pwani na kukuta rafu za chuma zilizoletwa kutoka mjini, nyekundu kwa kutu, miguu imelika. Jibondo inajulikana mwambao mzima kwa kuunda majahazi na mashua. Fundi anayeweza kulaza mkuku, akasimamisha mataruma na kuyafunika kwa mbao akitumia tezo, keekee na jicho lake, bila ramani ya karatasi, hashindwi na rafu ya vitabu. Yeye ndiye mbunifu wa chumba hiki, na nataka aitwe tangu siku ya kwanza, kabla hatujanunua chochote. Ndani ya chombo hakuna pembe isiyo na kazi: chini ya sitaha pana akiba, ubavuni pana kamba, tezini pana mtu. Macho hayo ndiyo tunayoyahitaji kwenye chumba kidogo. Benchi la barazani liwe na kifuniko, chini yake magazeti ya zamani. Mlango wa kabati ukifunguliwa uwe ubao wa kuandikia. Dirisha liwe na kizingiti kipana cha kuegemeza kitabu.

Vipimo nitakavyowapa mafundi ni vichache. Mita 1 ya rafu iliyojaa vitabu hubeba uzito wa kilo 25 hadi 30, kwa hiyo ubao wenye unene wa inchi 1 usipite sentimita 80 au 90 bila mhimili, la sivyo utapinda. Kina cha rafu sentimita 25 kinatosha. Zaidi ya hapo vitabu vinajificha nyuma ya vitabu. Rafu za watoto zisizidi sentimita 120 kwa kimo, na baadhi ya vitabu vyao vitazamishwe mbele, majalada yaonekane, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma sawasawa huchagua kwa picha. Njia ya kupita iwe na sentimita 90, mwenye magongo au kiti cha magurudumu apite bila kuomba. Mabaki ya mbao yanayobaki mnapounda chombo yanafaa. Ila tusizipake sifa, yaani mafuta ya papa; hiyo tuiachie vyombo. Harufu yake ikishika karatasi haitoki.

Kabla ya kupeleka kitabu kimoja kwenye rafu mpya, tupunguze. Najua jambo hili linauma. Tumefundishwa kwamba kitabu hakitupwi, na heshima hiyo ni nzuri. Lakini nenda stoo ya shule yoyote ya msingi nchini uone: marundo ya vitabu vya kiada vya mitaala iliyopita, nakala 40 za kitabu kimoja, vingine vimeshikana kwa unyevu. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo rundo limeongezeka. Vitabu hivyo vinakalia nafasi ambayo tunalia kwamba hatuna. Bakizeni nakala 2 za kila kimoja kwa kumbukumbu, vyenye ukungu vitengwe mbali na vizima, na vingine viondolewe kwa utaratibu wa mali ya serikali: viandikwe kwenye leja, vikaguliwe, kibali kipatikane. Kazi hiyo haina gharama zaidi ya siku chache za kamati, na mara nyingi inatoa nafasi kubwa kuliko ukuta mpya ungeitoa.

Kwa msimamo huohuo tujifunze kukataa misaada ya vitabu tusivyovihitaji. Makontena ya vitabu vya Kiingereza vilivyokataliwa kwingine yamejaza maktaba nyingi za Afrika. Mtoto wa Jibondo anahitaji hadithi za Kiswahili zilizochapishwa vizuri, kama zile ambazo Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukizisaidia kutoka tangu mwaka 1991. Kijana anahitaji Shaaban Robert, Muhammed Said Abdulla na Adam Shafi. Mama anayelima mwani na baba mwenye jarife wanahitaji vijitabu vya kazi zao, na vitabu vya dini. Vitabu 300 vinavyosomwa hadi kuchakaa vina thamani kuliko 3,000 vinavyofugwa. Kwa idadi hiyo hatuhitaji namba ndefu za kitaalamu mgongoni mwa kitabu. Utepe wa rangi unatosha, kijani kwa watoto, bluu kwa riwaya, na kadhalika, hata mtoto wa darasa la pili ataweza kukirudisha mahali pake.

Kisha iweni na daftari moja kubwa la jalada gumu, lenye rafu yake. Ndani yake walimu na wanafunzi waandike wanayoyasema mafundi na manahodha: mbao zipi kwa mataruma, namna ya kutia kalafati, majina ya miamba, nyakati za pepo. Mchombu naye alisisitiza kwamba maktaba ya kijiji ikusanye maarifa ya watu wake pamoja na kuwaletea ya wengine. Daftari ni kitu cha bei ndogo, na hakuna duka lolote duniani linaloliuza likiwa limekwisha kuandikwa.

Nimeacha hadi sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko rafu: saa za kufungua. Ratiba ya ofisini haifai kisiwa hiki. Wakati wa bamvua maji hukauka sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kina mama wako mwambani wanachokoa pweza. Maktaba iliyofunguliwa saa hizo itawahudumia nzi. Alasiri maji yamejaa, watu wamerudi. Hapo ndipo mlango uwe wazi, baada ya kuangalia ratiba ya madrasa ili tusigombanie watoto. Siku za maji mafu, mwamba hautoki vizuri, na asubuhi ina watu wengi kijijini kuliko kawaida. Basi saa zipangwe mara mbili kwa mwezi kwa kufuata mwezi, kama tunavyopanga kila kitu kingine, na zibandikwe msikitini, dukani na bandarini. Taa moja au mbili za umeme wa jua zitaongeza saa baada ya Isha kwa wanafunzi wa mitihani. Marekebisho haya hayana tofali hata moja, lakini yanaongeza matumizi ya chumba kuliko tofali.

Mfano wa karibu wa maktaba iliyoanza bila kitu upo Uganda, kijiji cha Kitengesa karibu na mji wa Masaka. Mwaka 1999 maktaba hiyo ilikuwa sanduku moja la vitabu shuleni, kazi iliyoanzishwa na mwalimu wa chuo kikuu Kate Parry pamoja na uongozi wa shule. Jengo dogo lilikuja mwaka 2002, wasomaji wakiwa wamekwisha kuwepo. Walichofanya baadaye kinastahili kuigwa: wanafunzi waliochaguliwa walifanya kazi ya ukutubi, nao wakasaidiwa ada. Fedha ileile ilimpatia mtoto elimu na ikaupatia mlango mtu wa kuufungua. Kenya nako, Garissa, tangu mwaka 1996 ngamia wamepeleka masanduku ya vitabu kwa wafugaji wanaohamahama, mkutubi akatandika mkeka chini ya mti na watu wakasoma. Norway, meli iitwayo Epos ilipeleka vitabu kwenye visiwa na vijiji vya pwani ya magharibi kuanzia 1963 hadi 2020. Chumba chetu kikishakaa sawa, masanduku mawili ya mbao yenye mfuniko usiopitisha maji yanaweza kuzunguka visiwa jirani vya Juani na Chole kwa vyombo vinavyokwenda huko, na kubadilishana vitabu. Kwa njia hiyo vitabu 300 vinafanya kazi ya 900, na hatukujenga chumba cha pili wala cha tatu.

Mkiniuliza ninavyogawa fedha, hesabu yangu ni hii. Kati ya kila shilingi 10 zitakazopatikana, 4 ziende kwenye paa, mfereji na tangi. 3 ziende kwa mkutubi, awe kijana wa hapahapa, alipwe posho inayojulikana na iandikwe kwenye mapato na matumizi ya kijiji, maana kujitolea kusiko na mwisho huchosha na mlango hufungwa. 2 ziende kwenye vitabu vilivyochaguliwa na kamati yenu. 1 iliyobaki inunue misumari, chokaa, kufuli na mbao za kuongezea. Najua wafadhili hupenda kinyume chake: wanapenda kutoa jengo, wabandike kibao, na posho ya mkutubi hawaitaki kabisa. Akija mfadhili wa namna hiyo, mwambieni kwa adabu kwamba chumba tunacho, tunaomba miaka mitatu ya mshahara wa mtu.

Halmashauri ya kijiji nayo ina deni lake. Chumba kikishatengwa, kitengwe kwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, uliosainiwa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka madarasani, na shule ikielemewa, chumba cha vitabu ndicho cha kwanza kugeuzwa darasa au ghala. Simlaumu mwalimu mkuu anayefanya hivyo. Ana watoto wamekaa chini. Ila baraza likiwepo, na chumba kikiwa kidogo cha mita 3 kwa 4, hakuna atakayekitamani kuwa darasa. Udogo wake ndio utakaokilinda.

Ombi langu ni moja, na halihitaji kusubiri fedha. Kabla ya bamvua ijayo chagueni watu wanne: fundi wa vyombo, mama mmoja anayechokoa pweza, mwalimu na mwanafunzi wa darasa la sita. Wapite kwenye majengo yote ya umma ya kijiji, wapime kila chumba kisicho na kazi, waangalie paa lake mvua ikinyesha, waandike saa ambazo watu wanapita hapo. Wakileta karatasi hiyo kwenye mkutano wa kijiji, mchagueni mtu wa kushika ufunguo jioni hiyohiyo.